Moteri Inakohoa: Tujue Ugonjwa Mbele ya Kununua Dawa



Mu gazeti hii tumezoea kuongea juu ya mbegu, mbolea na viwavi. Leo tunaongea juu ya gari. Sababu ni moja: huku kwetu Haut-Katanga mahindi yanavunwa kuanzia mwezi wa 4 mpaka wa 6, na mahindi yenye yanabaki mu depo kwa sababu gari imekufa, bado hayajawa feza. Kisha mu mwezi wa 9 na wa 10, mbele mvua haijaanza, ile gari ndiyo inapashwa kuleta mbegu na mbolea. Kama koperative iko na gari moja tu, moteri ikianza kukohoa, wanamemba wote wanaikohoa pamoja nayo.

Mara nyingi mambo yanaenda hivi. Gari inakosa nguvu ku mulima, inatetemeka wakati imesimama, inakunywa esansi kupita kawaida. Mutu mumoja anasema ni bujii, wananunua bujii ine. Haiponi. Mwingine anasema ni pompi ya esansi, wananunua pompi. Haiponi. Feza ya mbolea inaisha ku pyesi, na ugonjwa uko palepale. Tena wengine wanajaribu kutafuta ugonjwa kwa namna zenye zinaweza kuua mutu.

Mu shamba hatufanye vile. Majani ya mahindi yakiwa ya manjano, tunaangalia kwanza. Kama ni majani ya chini, na manjano inaanza ku ncha ikifuata mushipa wa katikati, tunafikiri udongo umekosa azoti. Kama ni mistari midogo ya rangi nyeupe-manjano ku majani mapya, tunafikiri ugonjwa wa virusi, na hapo ureya haiwezi kusaidia kitu. Rangi inafanana, dawa hazifanane. Moteri pia ni vile. Somo hili linahusu gari za esansi zenye silindri 4, kama zile nyingi zenye zinatufikia kutoka Japani kwa kupitia Dar es Salaam, Zambia na Kasumbalesa. Mwishoni tutasema neno moja juu ya mazutu.

1. Moteri inaomba vitu vine tu

Kila silindri inahitaji:

- hewa safi ya kutosha;
- esansi nzuri, kwa kipimo;
- moto wa bujii, wakati wake;
- mukandamizo, maana yake silindri ifungwe vizuri ili pistoni ifinye ile hewa na esansi.

Kimoja kikikosa, silindri haiwake. Moteri ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila silindri inapashwa kuwaka mara 400 kwa dakika moja. Silindri moja ikikataa, moteri inabakia na tatu za kazi na moja ya kuvutwa bure. Hapo ndipo mutetemo unatoka.

Kwa hiyo kuna maulizo mawili tu. La kwanza: ni silindri moja yenye inakosa, ao ni zote kwa zamu? La pili: kati ya vile vitu vine, ni kipi hakifike? Mutu mwenye hajajibu haya maulizo mawili, asitoshe feza ya koperative.

2. Mbele ya kugusa kitu

Tunaomba hii sehemu isomwe kwa sauti mu mukutano, hata kwa wale hawagusake moteri.

Fanya kazi inje. Moshi wa moteri uko na gazi moja, monoksidi ya kaboni, yenye haina harufu wala rangi. Inaua mutu mu nyumba ao mu depo yenye imefungwa, na yeye anafikiri ni usingizi tu. Kufungua mulango haitoshi. Sukuma gari inje kabisa.

Weka gari pahali pa sawasawa, vuta fren ya mukono, weka vitesi ku nyutro (ao ku P kama ni otomatiki), na weka mawe ku magurudumu.

Hakuna mutu wa kuvuta sigara, hakuna mbabula karibu, hakuna taa ya petroli. Mvuke wa esansi ni muzito kuliko hewa: unatambaa chini kama maji na unaweza kufikia moto wenye uko mbali na gari. Weka karibu kizima-moto cha unga, ao ndoo mbili za muchanga mukavu. Moto wa esansi hauzimishwe na maji, maji yanautembeza.

Tosha saa, pete na mikufu. Funga kikwembe vizuri, nywele pia, usivae shati lenye mikono inayoning'inia. Mukanda wa moteri unakamata nguo haraka kuliko sauti ya kupiga kelele. Ventilateri ya umeme inaweza kuanza yenyewe hata moteri imezimwa.

Usifungue kifuniko cha radyateri wakati moteri ina moto. Maji yake iko na presha, yataruka ku uso.

Watoto wakae mbali. Na mutu asifanye kazi peke yake: mumoja ku kontakti, mumoja ku moteri, na mwenye kuwa ku kontakti asiwashe mpaka asikie mwenzake amesema «washa».

Na jambo la mwisho, kwa sababu tunalionaka kila pahali: usivute waya wa bujii kwa mukono wakati moteri inazunguka, na usishike bujii ku mukono ili kuona kama inatoa moto. Ule umeme unapita volti 20 000. Hata kama haukuue, unarusha mukono, na mukono unaanguka mu ventilateri. Mutu mwenye iko na mashini ya moyo ao ugonjwa wa moyo asikaribie kabisa. Tena waya wenye umevutwa unaweza kuua bobini yenye ilikuwa nzima, na sasa muko na magonjwa mawili.

3. Uliza shofere, andika majibu

Munganga anauliza mbele ya kupima. Kaa na shofere, mukamate kaye, muandike:

- Inakohoa wakati moteri iko na baridi, ao wakati ina moto, ao kila wakati?
- Ilianza nyuma ya kuweka esansi? Esansi ilitoka wapi?
- Ilianza nyuma ya mvua ao nyuma ya kuosha moteri?
- Inakohoa ikisimama, ao ikipanda na muzigo?
- Maji ya radyateri ao mafuta ya moteri inapunguka?
- Moshi uko rangi gani?
- Kuna mutu aligusa moteri hizi siku?

Haya majibu hayalipwe hata franka moja, na mara nyingi yanaonyesha njia. Ikianza nyuma ya esansi, tutaangalia esansi kwanza. Ikianza nyuma ya mvua, tutaangalia waya na bobini. Ikianza nyuma ya mutu kugusa, tutaangalia pahali aligusa.

4. Vipimo vitano, kutoka kwenye hakilipwe kitu

Fuata mupangilio. Usiruke.

Kipimo cha 1: esansi. Esansi ya mu bidoni pembeni ya barabara inaweza kuwa na maji ao kuchanganywa na petroli ya taa. Mbele ya kuiweka mu gari, omba kidogo mu chombo kyeupe chenye unaona ndani, acha itulie. Maji ni mazito kuliko esansi, yatashuka chini na mutaona mustari. Kisha weka tone moja ku karatasi nyeupe, mbali na moto: esansi safi inakauka na kuisha, petroli ya taa inaacha alama ya mafuta. Kama esansi mbaya imekwisha kuingia mu gari, usiivute na kinywa kwa mupira. Ikishuka mu mapafu hata kidogo, inaweza kuua. Mwite fundi aitoshe kwa pompi.

Kipimo cha 2: hewa. Fungua kisanduku cha filtri ya hewa. Mu kiangazi, vumbi nyekundu ya barabara zetu inaijaza haraka. Piga filtri polepole ku ubao, ao pulizia kutoka ndani kuelekea inje. Filtri ya karatasi haioshwe na maji wala na esansi. Kisha fuata mipira yote ya hewa kati ya filtri na moteri: uko wenye umepasuka ao umetoka? Moteri ikizunguka, unaweza kusikia kama nyoka anapuliza. Pitisha kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo pahali pa mashaka, mbali na mikanda. Sauti ya moteri ikibadilika, hewa inaingia pale. Wengine wanarusha esansi pale ili wasikie moteri ikibadilika. Hiyo ni kuwasha gari.

Kipimo cha 3: waya, na panya. Gari yenye inalala karibu na depo ya mahindi iko na wageni. Panya wanapenda joto ya moteri, wanaleta maganda ya mahindi pale, na wanakula ngozi ya waya. Zimisha moteri, iache ipoe, kisha angalia waya zote zenye zinaenda ku bujii, ku bobini na ku enjekteri. Tafuta alama za meno, prizi yenye imelegea, kutu ya kijani. Usiku, pahali pa giza, washa moteri, fungua kapo, simama mbali bila kugusa. Ukiona vimoto vya bluu vinaruka ku waya, umeme unakimbia mbele ya kufika ku bujii. Waya ule ndio unanunuliwa.

Kipimo cha 4: ni silindri gani? Kuna namna ya zamani yenye haina hatari kubwa. Moteri ikiwa baridi kabisa asubuhi, iwashe kwa dakika moja, kisha uizimishe na utoshe ufunguo. Angalia mabomba manne yenye yanatosha moshi ku moteri, moja kwa kila silindri. Kwa chupa, tia matone mawili ao matatu ya maji, siyo zaidi, ku kila bomba, karibu na moteri. Pale maji inakauka haraka, silindri ilikuwa inafanya kazi. Pale maji inakaa, silindri ilikuwa imelala. Usifanye hivyo ku moteri yenye imetoka safari: bomba yenye moto mukali inaweza kupasuka, na mvuke utakuchoma.

Kama mabomba yamefunikwa na bati, tumia namna ingine. Zimisha moteri. Tosha prizi ndogo ya enjekteri moja. Washa kwa sekonde kumi na tano, sikia, zimisha, rudisha prizi. Fanya vile kwa kila silindri. Silindri nzuri ikikatwa, moteri inazidi kuumwa. Silindri yenye ilikuwa imelala ikikatwa, hakuna kitu kinabadilika. Tunakata enjekteri, hatukate bobini, ili esansi isitiririke mu bomba ya moshi bila kuungua. Na kila mara prizi inatoshwa na kurudishwa moteri ikiwa imezimwa.

Gari za nyuma ya 1996 mara nyingi ziko na pahali pa kuchomeka kifaa cha kusoma makosa, chenye kinaongea na telefone. Kodi P0301 inasema silindri ya 1, P0302 ya 2, vile vile mpaka P0304. P0300 inasema silindri zinakosa kwa zamu, haijulikani moja. Gari zingine zenye zilitengenezwa kwa ajili ya Japani yenyewe hazikubali kila kifaa. Na mujue: kodi inasema nani ni mugonjwa, haiseme ugonjwa. P0302 haimaanishe «nunua bujii ya 2».

Kipimo cha 5: soma bujii, kisha badilisha pahali. Subiri moteri ipoe kabisa, kwa sababu kufungua bujii mu moteri yenye moto kunaweza kuharibu meno ya tundu. Tosha vumbi kwanza pahali bujii imekaa, ukilinda macho, ili mchanga usianguke ndani. Panga bujii ku karatasi, kila moja na namba yake.

- Kahawia nyepesi ao kijivu: silindri ni nzima.
- Nyeusi, kavu kama makala: esansi ni nyingi ao hewa ni kidogo.
- Nyeusi, yenye mafuta: mafuta ya moteri inaingia mu silindri.
- Imelowa, inanuka esansi: moto haukufika, ao ni muzaifu.
- Nyeupe sana, yenye malengelenge: inachomeka kupita; esansi haitoshe, ao bujii siyo ya moteri hii.

Wakati wa kurudisha, anza kwa vidole mpaka ifike, ili isiingie upande. Kisha kaza kwa ufunguo: bujii mpya yenye pete ya chuma, karibu nusu muzunguko, yenye ilikuwa imetumika, kidogo kuliko pale. Usitumie nguvu ya jembe.

Sasa kuna kipimo chenye kinaokoa feza kuliko vyote. Tuseme silindri ya 2 ndiyo mugonjwa, na kila silindri iko na bobini yake. Zimisha moteri, peleka bobini ya 2 ku silindri ya 3, na ya 3 ku ya 2. Pima tena. Kama ugonjwa umehamia ku 3, bobini ndiyo yenye kosa, munaweza kuinunua bila mashaka. Kama ugonjwa umebakia ku 2, rudisha bobini na ufanye vile na bujii. Ukibakia tena, basi kosa siyo bobini wala bujii. Munaacha kununua, munaenda kwa fundi. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Ukibadilisha viwili pamoja na gari ikapona, haujue ni kipi kilikuwa kibaya.

5. Taa inapiga-piga, na majani ni makavu

Taa ya moteri ikiwaka bila kupiga, kuna jambo la kutafuta. Ikianza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, punguza mbio na usimame pahali pazuri. Inamaanisha esansi yenye haikuungua inaingia mu bomba ya moshi. Pale chini ya gari kuna katalizeri, yenye hata mu kazi ya kawaida inapita digri 400. Ikipokea esansi mbichi, inaweza kupata moto mpaka inakuwa nyekundu.

Na sisi tunasimamisha gari wapi mu mwezi wa 8? Mu majani makavu, ao katikati ya mabua ya mahindi, karibu na depo. Moto wa namna hiyo unaweza kumaliza mu saa moja kazi ya mwaka muzima. Gari yenye inakohoa isisimame ku majani hata kidogo. Itafutieni pahali penye udongo mutupu, mufyeke kando yake, na mukatee kuipakia muzigo mpaka ipone.

6. Pahali pa kusimama

Mutu mwenye akili anajua pia mwisho wa kazi yake. Mupeleke gari kwa fundi kama:

- maji ya radyateri inapunguka na moshi ni mweupe, muzito, usioisha hata moteri ikiwa na moto;
- moteri inagonga kama nyundo;
- unasikia harufu ya esansi, ao unaona inadondoka (hapo usiwashe kabisa, hata kuisukuma ku garaji ni vizuri zaidi);
- bujii na bobini ni nzima lakini silindri inabakia imelala. Fundi atapima mukandamizo kwa kifaa chake: inaweza kuwa ni supapu ao juenti ya kichwa cha moteri;
- kazi inaomba kufungua mupira wa esansi. Mu gari za enjeksyo ile esansi iko na presha hata moteri ikiwa imezimwa.

Juu ya mazutu: moteri ya mazutu haina bujii ya kuwasha kama hizi, na vipimo vya moto hapa juu havifanye kazi kwake. Munaweza kuangalia filtri ya hewa, filtri ya mazutu na maji yenye iko chini yake. Musifungue mabomba ya enjekteri. Mu moteri za kisasa presha yake inapita bari 1 000; inatoboa ngozi na kuingiza mazutu mu mwili. Kidonda kinaonekana kidogo kama mwiba, lakini mutu anaweza kupoteza mukono. Yeyote akipatwa na hiyo, apelekwe ku hospitali siku ileile, hata kama haumwi.

Mukifika kwa fundi, musimwambie «badilisha bujii». Mumupe kaye yenu: ni silindri ya 2, inakohoa ikiwa baridi, esansi ilipimwa, bobini ilihamishwa, ugonjwa haukuhama. Fundi muzuri atafurahi, kwa sababu mumemupunguzia kazi. Na fundi mwenye anataka kuwauzia kila kitu ataona kama muko munajua. Pyesi za zamani muzirudishe ku koperative, muzihesabu.

7. Kazi ya kufanya mbele ya mukutano unaokuja

Kila koperative yenye gari inunue kaye moja ya gari. Ndani yake: tarehe, kilometa, esansi ilitoka wapi na litre ngapi, filtri ilisafishwa siku gani, bujii zilibadilishwa siku gani, na kila kukohoa kwenye shofere anasikia. Kaye ikae mu gari, siyo kwa mutu mumoja. Muchague pia watu wawili wa kujifunza hivi vipimo vitano, shofere na mwingine, ili shofere akiumwa, elimu isilale pamoja naye. Na muwinde panya pale gari inalala. Mutakuwa mumelinda waya na mahindi kwa mara moja.

Maulizo ya kuzungumuza:

1. Mwaka huu tulinunua pyesi gani za gari? Kwa kila moja, nani anaweza kueleza ni kipimo gani kilionyesha kama imeharibika?
2. Gari yetu inalala wapi mu kiangazi? Chini yake kuna nini?
3. Kizima-moto chetu kiko wapi leo? Nani anajua kukitumia?
4. Nani aliona mutu akivuta waya wa bujii kwa mukono ao esansi kwa kinywa? Tutamwambia nini?

Kabla ya kuweka ureya tunaangalia jani. Kabla ya kununua pyesi tuangalie moteri, polepole, inje, watu wawili pamoja. Mukikuta jambo lenye halikuandikwa hapa, muliandike mu kaye na mulilete ku mukutano, wengine wajifunze.